Vimbunga vya mwisho wa msimu: Furaha ya watelezaji, msiba wa visiwa

IFIKAPO mwezi Oktoba, wakazi wengi wa pwani ya mashariki ya Marekani huanza kuhesabu siku zilizobaki kabla msimu wa vimbunga haujafungwa. Lipo, hata hivyo, kundi moja ambalo huomba msimu huo usiishe upesi.

Hao ni wanamichezo wanaoteleza juu ya mawimbi kwa kutumia mbao. Kuanzia Florida, kupita North Carolina na New Jersey hadi New York, maelfu yao huamka usiku wa manane kutazama ramani za hali ya hewa wakitafuta jambo moja tu: kimbunga chenye nguvu kilicho mbali baharini, kisichoelekea nchi kavu.

Kwa mtu asiyeufahamu mchezo huo, matumaini ya namna hiyo yanaweza kuonekana kama ukatili. Vimbunga hubomoa nyumba, huzamisha vyombo na kuua watu. Lakini kwa mtelezaji wa Florida, ambaye kwa miezi mingi ya mwaka hukaa ufukweni akitazama bahari tulivu kama bwawa, kimbunga ndiyo nafasi adimu ya kupata mawimbi makubwa yenye umbo safi.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Swali linaloulizwa kila mwaka katika fukwe hizo ni je, furaha hiyo huletwa na nini, huja wakati gani, na gharama yake hulipwa na nani?

Bahari isiyo na mawimbi

Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Atlantiki huanza rasmi Juni 1 na kumalizika Novemba 30. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, kila msimu umekuwa na dhoruba 14 zinazopewa majina. Kati ya hizo, 7 hufikia kiwango cha kimbunga kamili, yaani upepo wa kilomita 119 kwa saa au zaidi, na 3 huwa vimbunga vikubwa vya Jamii ya 3 na kuendelea.

Kilele cha msimu huwa karibu na Septemba 10. Baada ya hapo idadi ya dhoruba hupungua, ingawa si kwa ghafla. Kati ya mwezi Oktoba na Novemba maji ya Bahari ya Karibi bado huwa na joto la kutosha kulisha kimbunga, kwani kinachohitajika ni joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi au zaidi.

Mtelezaji wa California hana haja ya kusubiri jambo hilo. Pwani yake imeikabili Bahari ya Pasifiki, ambako dhoruba kubwa za maeneo ya baridi hutuma mawimbi karibu mwaka mzima, na upepo mkuu huvuma kutoka magharibi kuelekea pwani hiyo.

Pwani ya mashariki hali ni kinyume. Upepo mkuu wa latitudo hizo husukuma dhoruba nyingi mbali na nchi kavu, kuelekea Ulaya. Aidha, sakafu ya bahari upande huo ni pana na huteremka polepole, hivyo mawimbi hupoteza nguvu kwa kusuguana na mchanga kabla hayajafika ufukweni.

Pamoja na upungufu huo, Florida imetoa mabingwa wa dunia wa kutajika. Kelly Slater, aliyezaliwa Cocoa Beach mwaka 1972, ametwaa ubingwa wa dunia mara 11. Lisa Andersen, aliyejifunza mchezo huo katika pwani ya Ormond Beach, alitwaa ubingwa wa wanawake mara 4 mfululizo kuanzia mwaka 1994 hadi 1997. Caroline Marks, mzaliwa wa jimbo hilo, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2023 na kunyakua medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024.

Wimbi husafiri vipi?

Wimbi la bahari huzaliwa na upepo. Mambo 3 huamua ukubwa wake: kasi ya upepo, muda ambao upepo huo umevuma bila kubadilika, na umbali wa bahari wazi ambao upepo umeupitia. Kimbunga kina kasi kubwa ya upepo, lakini eneo lake la upepo mkali mara nyingi ni dogo. Ndiyo maana si kila kimbunga chenye nguvu huleta mawimbi mazuri.

Kimbunga kinachosubiriwa zaidi ni kile kipana, kinachokwenda kwa mwendo wa wastani na kwa njia iliyonyooka. Kikienda upande ule ule wa mawimbi yake na kwa mwendo unaokaribiana nao, mawimbi hayo hubaki chini ya upepo kwa saa nyingi na kuendelea kukua. Hali hiyo hutokea zaidi upande wa kulia wa njia ya kimbunga katika nusu ya kaskazini ya dunia, ambako kasi ya upepo hujumlishwa na mwendo wa kimbunga chenyewe.

Yakishatoka katika eneo la dhoruba, mawimbi huanza kujipanga. Yale yenye muda mrefu kati ya wimbi moja na linalofuata husafiri haraka kuliko yale yenye muda mfupi.

Mfano, kundi la mawimbi yanayopishana kwa sekunde 14 husafiri katika maji ya kina kirefu kwa takriban kilomita 39 kwa saa. Likitoka katika kimbunga kilicho umbali wa kilomita 1,000, hufika pwani baada ya zaidi kidogo ya siku moja. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 8 huhitaji karibu siku 2 kwa safari hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, dalili ya kwanza ya kimbunga kilicho mbali haiwi upepo wala mvua. Anga huwa safi na jua huwaka, lakini bahari huanza kuvuta pumzi ndefu: mawimbi machache, yaliyotengana sana, yanayoinuka taratibu na kuvunjika kwa kishindo kisicholingana na utulivu wa siku.

Elimu hiyo ilijengwa kwa kiasi kikubwa wakati wa vita. Wanasayansi Harald Sverdrup na Walter Munk walibuni njia ya kutabiri mawimbi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na utaalamu wao ukatumika katika maandalizi ya majeshi ya washirika kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake walifuatilia mawimbi yaliyozaliwa katika bahari za kusini karibu na Antaktika hadi yalipofika Alaska.

Leo mtelezaji hutumia matunda ya kazi hiyo bila kulipa hata senti. Maboya ya serikali ya Marekani yaliyotegwa baharini hupima kimo cha mawimbi na muda wa kupishana kwake, na takwimu hizo hutolewa kwa umma. Boya namba 41009, lililowekwa takriban maili 20 za baharini mashariki ya Rasi ya Canaveral, limekuwa kama saa ya ukutani kwa watelezaji wa Florida ya kati. Namba ya sekunde ikipanda kutoka 7 hadi 14, wengi huanza kutafuta udhuru wa kutofika kazini kesho yake.

Visiwa vyafunga mlango

Kwa upande wa kusini ya Florida, hesabu hiyo ina kikwazo kikubwa. Visiwa vya Bahamas vimekaa mbele ya Miami na Palm Beach kama ukuta. Mawimbi yanayotoka mashariki hukatwa na visiwa hivyo, na ni yale tu yanayoteremka kutoka kaskazini au kupenya katika mianya yatakayofika ufukweni.

Kwa hiyo, siku ambayo Cocoa Beach inapata mawimbi yanayomzidi mtu kimo, Miami, iliyo umbali wa saa chache kwa gari, yaweza kuwa shwari kabisa. Watelezaji wa kusini hupakia mbao juu ya magari na kukimbilia kaskazini.

Neema kubwa zaidi huangukia North Carolina, katika visiwa vyembamba vya mchanga viitwavyo Outer Banks. Hapo, karibu na Rasi ya Hatteras, bara limejitokeza baharini na maji ya kina kirefu yako karibu na ufukwe. Mawimbi hufika yakiwa bado na nguvu zake.

Nje ya Marekani bara, mji wa Rincón ulio magharibi ya Puerto Rico ndiyo kimbilio la wengi majira hayo yanapobadilika. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1968 yalifanyika huko.

Kwa nini mwisho wa msimu?

Zipo sababu 2 zinazofanya miezi ya mwisho itamaniwe.

Ya kwanza ni upepo. Wimbi zuri la kuteleza huhitaji upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kuelekea baharini. Upepo huo, ambao wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huuita umande, huusimamisha uso wa wimbi na kuufanya uwe laini. Kuanzia Oktoba, hewa baridi kutoka kaskazini hupita mara kwa mara katika pwani ya mashariki ya Marekani, na nyuma yake huja upepo wa magharibi. Mawimbi ya kimbunga yakikutana na upepo huo, hupatikana siku ambazo watelezaji huzikumbuka kwa miaka mingi.

Ya pili ni njia za dhoruba. Mwezi Agosti na Septemba, dhoruba nyingi huzaliwa karibu na pwani ya Afrika Magharibi na kuvuka Atlantiki nzima. Mwezi Oktoba na Novemba, chimbuko huhamia zaidi magharibi ya Bahari ya Karibi. Kutoka huko kimbunga huvutwa kuelekea kaskazini, huvuka Cuba, Jamaica, Haiti au Bahamas, kisha huingia Atlantiki.

Hapo ndipo penye utata wa matumaini haya. Kimbunga kikiwa ndani ya Karibi, visiwa huzuia mawimbi yake yasifike pwani ya mashariki ya Marekani. Ili mtelezaji wa Florida apate wimbi lake, ni lazima kimbunga hicho kwanza kipite juu ya nchi za watu au kati yake.

Mwaka 2025 ulilionyesha jambo hilo wazi. Msimu huo ulikuwa na dhoruba 13 zenye majina, na vimbunga 3 vilifikia Jamii ya 5, ambayo ni ya juu kabisa: Erin, Humberto na Melissa. Hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua katika ardhi ya Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 2015. Kwa mtelezaji, huo ulikuwa msimu wa kutamaniwa.

Kwa Jamaica haukuwa hivyo. Oktoba 28, 2025, Kimbunga Melissa kilitua katika kisiwa hicho kikiwa na nguvu ya Jamii ya 5, kikaezua mapaa, kikabomoa hospitali na shule, na kuacha sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa bila umeme. Mvua zake zilisababisha mafuriko makubwa Haiti. Makumi ya watu walipoteza maisha katika nchi hizo mbili. Ni baada ya kuvuka Cuba na Bahamas ndipo kimbunga hicho kilipofika katika bahari iliyo wazi, na njia kati yake na fukwe za Marekani ikafunguka.

Bahari haibagui

Hata pale kimbunga kinapobaki mbali, hatari yake haibaki huko. Tofauti ya mtelezaji mzoefu na muogeleaji wa kawaida ni kwamba wa kwanza anajua kilichomleta ufukweni, na wa pili anaona siku nzuri ya jua tu.

Agosti 2009, Kimbunga Bill kilipita mbali na pwani bila kutua Marekani. Katika hifadhi ya taifa ya Acadia, jimbo la Maine, watu walikusanyika juu ya majabali kutazama mawimbi yake. Wimbi moja likawazoa zaidi ya watu 20, na mtoto wa kike wa umri wa miaka 7 akafa maji. Huko New Smyrna Beach, Florida, muogeleaji mmoja mwanamume alifariki kutokana na mawimbi ya kimbunga hicho hicho.

Kinachoua zaidi katika mazingira hayo ni mikondo inayorudi baharini. Mawimbi makubwa husukuma maji mengi ufukweni, na maji hayo hutafuta njia ya kurudi. Hupita katika mifereji myembamba kati ya mafungu ya mchanga kwa kasi ambayo hata muogeleaji hodari hawezi kuishinda.

Ushauri unaotolewa na waokoaji ni kutopambana na mkondo huo. Aliyenaswa anatakiwa kuelea na kutulia, kisha kuogelea sambamba na ufukwe hadi atoke nje ya mkondo, ndipo arudi nchi kavu. Fukwe za Florida hutumia bendera kutoa taarifa: nyekundu moja ni hatari kubwa, na nyekundu mbili zina maana kwamba umma hauruhusiwi kuingia majini.

Mzigo mwingine huwaangukia waokoaji wenyewe. Agosti 2025, Kimbunga Erin kilipokuwa mamia ya kilomita kutoka pwani, watu wengi waliokolewa katika fukwe za North Carolina, baadhi ya fukwe za New York zilifungwa kwa waogeleaji, na bahari iliifunika barabara kuu ya Outer Banks.

Ufukwe wenyewe waondoka

Lipo pia jambo ambalo watelezaji wamelazimika kulitafakari kwa ajili ya mchezo wao wenyewe. Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake: wimbi lenye kimo mara 2 lina nguvu mara 4. Nguvu hiyo hiyo inayomsukuma mtelezaji ndiyo inayochota mchanga wa ufukwe.

Septemba 30, 2025, Kimbunga Humberto na Kimbunga Imelda vikiwa baharini, nyumba 5 zisizokuwa na watu zilianguka katika maji siku moja huko Buxton, karibu na Rasi ya Hatteras. Vimbunga vyote viwili havikuwa vimeigusa ardhi hiyo. Mawimbi peke yake yalitosha.

Novemba 10, 2022, Kimbunga Nicole kilitua karibu na Vero Beach, Florida, kikiwa cha Jamii ya 1 tu, zikiwa zimebaki siku 20 msimu ufungwe. Mchanga wa fukwe za Kaunti ya Volusia ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na Kimbunga Ian mwezi Septemba, na nyumba kadhaa zilizokuwa ukingoni zikaporomoka. Wengi wa wale wanaoomba mawimbi wanaishi katika miji hiyo hiyo.

Kimbunga Sandy kilichotua New Jersey Oktoba 29, 2012, kilitoa fundisho kama hilo kwa watelezaji wa huko na wa Rockaway, New York. Siku chache kabla, walikuwa wakikifuatilia katika ramani kwa hamu. Baada yake, mitaa yao ilijaa mchanga na maji ya chumvi, na wengi wao waliweka mbao chini wakashika makoleo.

Upo pia mwaka ambao matumaini huishia hewani. Msimu wa 2013 ulikuwa na vimbunga 2 tu, vyote vya Jamii ya 1. Katika miaka ya El Niño, upepo wa juu angani hukata vichwa vya dhoruba za Atlantiki kabla hazijakua, na Oktoba hupita bahari ikiwa imelala.

Kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, habari za dhoruba zinazochelewa si ngeni. Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia Mei 4, 2024, mwishoni kabisa mwa msimu wa vimbunga wa kusini magharibi ya Bahari ya Hindi, wakati ambao wengi hudhani hatari imekwisha. Wavuvi na wenye vyombo hawakuwa na sababu ya kukisubiri kwa hamu.

Hakuna sala ya mtelezaji inayobadilisha njia ya kimbunga. Wataalamu wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kilichopo Miami, huchora njia hiyo kwa kufuata joto la bahari na mwenendo wa upepo. Kinachobaki mikononi mwa watu ni namna ya kuipokea taarifa: ramani moja inayomfanya kijana wa Cocoa Beach apake nta ubao wake ndiyo hiyo hiyo inayomfanya mama wa Jamaica afunge madirisha kwa mbao na kukusanya watoto wake.

Novemba 30 ikipita, watelezaji wa pwani ya mashariki huhamishia macho yao kwenye dhoruba za baridi zinazoshuka kutoka kaskazini. Maji huwa ya baridi na mavazi ya mpira hutolewa kabatini. Visiwani Karibi, siku hiyo hiyo watu huanza kulala bila kusikiliza redio, hadi Juni ijayo.